Mume Wangu Kaacha Wiski, na Mimi Kaniweka Kando

(Majina yote katika barua hii yamebadilishwa.)

Kwa Bi Mwanawema,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, Bibi, nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa chumba, maana haya ninayotaka kukwambia sijapata kumwambia mtu kwa hiari yangu, si mama yangu wala jirani, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni mke wa karani wa bandarini hapa Wete. Tumeoana miaka kumi sasa na tuna watoto wawili, na mume wangu, nimwite Hamad, ni mtu wa watu, anasoma Kurani kwa sauti nzuri hata huitwa kwenye maulidi ya mbali, hajapata kunipiga wala kuninyima, na kwa miaka mingi mimi na yeye tulikuwa tukinywa wiski.

Basi nimeshasema. Kazini kwake kulikuwa na Goa mmoja, Mkristo wa Kihindi, nimwite Bwana Furtado, mwenye kibali cha serikali cha kununua ulevi, na huyo ndiye aliyemwonjesha, na siku ya kwanza Hamad alikuja nayo nyumbani ndani ya chupa ya dawa, akaniambia ni dawa ya kifua. Nikainusa nikamuuliza, "Dawa gani hii inanuka kama tanuri la kukaushia mbata za nazi?" Akacheka mpaka akakaa chini, na alipokwisha kucheka akanieleza kweli. Nilinuna, Bibi, nikamwambia nitarudi kwetu Limbani, naye hakunibishia, akaniambia tu, "Basi kaa na mie ninapokunywa, weye usinywe." Nikakaa. Jumamosi moja nikainusa, Jumamosi nyengine nikaionja, na sitakudanganya kuwa nilishikwa pua nikamiminiwa.

Ikawa ndio ada yetu. Jumamosi watoto huenda kulala kwa bibi yao, basi baada ya Magharibi tukitandika mkeka chumba cha nyuma, tukiweka bilauri mbili, kidole kimoja kila bilauri na tone la maji juu yake, na Hamad akisema ngoja kwanza, usinywe, acha ijifungue, nasi tukingoja. Tulikuwa tukizipa majina yetu wenyewe kwa sababu mimi hayo ya kizungu hayanikai mdomoni. Moja tukiiita Bi Harusi, nyepesi, tamutamu, ina harufu ya halua iliyopoa. Moja tukiiita Mfawidhi, maana ukiimeza inakukaripia. Na ile ya kwanza, ya moshi, tukaiita Tanuri, nayo ndiyo tuliyokuwa tukiipenda sote wawili, na Bwana Furtado akiipata humwekea Hamad kidogo, na Hamad haigusi mpaka aje nyumbani tuigawane. Walevi hatukuwa, hakuna aliyepepesuka wala aliyepaza sauti. Lakini, Bibi, siku nyengine zote mimi ni mama Khatib nampakulia chakula, naye ni baba Khatib anashukuru. Jumamosi akiniita Mwatima. Akinisimulia meli zilizoingia, na bwana mkubwa wake alivyomtukana, na marehemu baba yake alivyokuwa akimwogopa, na akiniuliza mimi naonaje, tena akinyamaza anisikilize.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwaka huu Bwana Furtado alipata uhamisho, na siku ya kuagana, Alhamisi, walikunywa kidogo ofisini kwake baada ya kazi. Hamad akatoka pale akijua anakuja nyumbani kulala, njiani akakutana na gari ya watu waliomtafuta, wanakwenda Konde kwenye maulidi, msomaji wao kaugua, hapana budi aende yeye. Akashindwa kukataa, maana akatae kwa sababu gani? Akapanda, akatafuna karafuu njia nzima, akafika, akawekwa karibu na Shehe mmoja mtu mzima sana. Alipofungua kinywa kusoma, yule Shehe akageuza uso pembeni. Hakumtazama tena, aligeuza uso tu. Hamad akasoma mpaka mwisho, akarudi asubuhi, na kabla ya kunisalimu alizichukua chupa zilizokuwapo akazimwaga chooni zote, akaoga, akaenda msikitini, akatubu.

Mimi nami nikaacha siku ile ile. Hakuniambia niache wala hakuniuliza kama nimeacha. Ni kama alizimwaga chupa akaona nami nimekwenda nazo.

Tangu siku hiyo hakai na mimi. Jumamosi ana darsa. Siku nyengine anakula barazani na wageni, akiingia ndani anauliza watoto wamesoma, chumvi ipo, basi, kama mtu aliyekuja kukagua. Nilipomuuliza nimemkosea nini, alisema, "Hujanikosea. Ila kila nikikutazama nayakumbuka yale." Nikamwambia, "Si nimeacha kama weye?" Akavaa kofia akatoka.

Bwana Furtado alikuja kumuaga kabla ya kupanda meli. Hamad alimwona dirishani, akatoka kwa mlango wa uani, akaniacha mimi niseme hayupo. Yule Goa machozi yalimlengalenga, akanipa kitu kimefungwa gazeti, akasema, "Mpe rafiki yangu, mwambie hii mnywe nyote wawili." Ilikuwa Tanuri, chupa nzima. Sikumpa Hamad. Nikaifukia ndani ya pipa la mchele. Na nikwambie lote: Jumamosi moja, yeye yuko darsani, niliitoa nikatandika mkeka na kuweka bilauri mbili kwa mazoea, nikanywa yangu, Bibi, haikuwa na ladha yoyote, nikairudisha ile ya pili chupani nikalia.

Baadaye akaja wifi yangu Mwanabaraka, dada yake Hamad. Alikaa, akasifu mapazia, kisha akasema, "Wifi, mie sina baya na weye, lakini bora uyasikie kwangu. Kaka anataka kuoa Konde. Binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtoto katulia." Hamad aliporudi nikamuuliza, naye hakukana. Akasema, "Nataka kuanza upya." Nikamuuliza, "Na mie nianze wapi?"

Zaidi ya hayo, kaka yangu Jaribu alikuja kunipimia mchele wa kupeleka kwa mama, akaikuta chupa. Sikusema neno, naye akajua mwenyewe kuwa ni ya Hamad, wala hajui kuwa na mimi nimo. Akacheka, akasema, "Nipe hii. Naipeleka Konde kwa huyo mwalimu, naiweka mbele yake, namwambia mkwe wako huyu hapa. Uone kama atamwoza!" Jaribu na Hamad ni wa vyama mbalimbali, na unajua siasa za mwaka huu zilivyo, watu hawazikani, na mimi najua kuwa chupa ile haitaishia kwa mwalimu, itafika mkutanoni. Nikamwambia angoje. Anangoja, na kila akipita dirishani ananiuliza, "Vipi?"

Naomba uniambie nifanye nini. Nikimpa Jaribu ile chupa ndoa ya Konde imekufa, na saa nyengine naona ni haki yangu, kwa sababu aliyenitia katika jambo lile ni Hamad, na leo yeye ndiye msafi, mimi ndiye uchafu. Saa nyengine nataka nimwekee bilauri mbele yake Jumamosi, labda akiinusa atakaa. Na saa nyengine naona ninyamaze, huyo mwanamke aje, na mimi nilee wanangu. Nisaidie, Bibi, maana akili yangu haitulii.

Mimi, Mwatima, Wete.

JIBU

Mwatima,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Haramu unaijua, wala hukuniandikia uulize hukumu yake, kwa hiyo sitakuhubiria juu ya wiski. Ila sitaki kulisikia tena neno la kuwa Hamad ndiye aliyekutia. Ulikasirika, ukakaa, ukanusa, ukaonja, na umeyaandika hayo kwa mkono wako mwenyewe. Mtu mzima hujibebea lake. Na ile ya Jumamosi peke yako, hapo Hamad hakuwapo hata kwa jina. Tubu, na usiirudie.

Sasa nikuulize, unalilia nini? Nimeitafuta wiski katika barua yako nikaiona haina shida, uliiacha siku ile ile. Unamlilia mtu aliyekuwa akikwita Mwatima akakuuliza waonaje. Hilo si haramu hata kidogo. Ni haki ya mke, na ni aibu kuwa nyinyi wawili mliona haliwezekani mpaka bilauri ziwekwe.

Mumeo namwona hivi. Shehe yule aligeuza uso, na tangu siku hiyo Hamad anaona haya, na mwenye haya humkimbia shahidi. Shahidi wake mmoja kamtoroka kwa mlango wa uani. Wa pili ni wewe, nawe umo ndani ya nyumba, njia ya kukutoroka hana, ndipo anatafuta nyumba nyengine. Anaposema anataka kuanza upya, maana yake anataka mtu asiyemjua. Nimefurahi kuwa ametubu. Lakini toba haimpi mtu ruhusa ya kumbebesha mkewe dhambi za wote wawili, kisha akampita ukumbini kama hamwoni. Akinisoma hapa, na asome.

Tuje kwa kaka yako. Jaribu hakuhurumii wewe, anamtaka Hamad. Ile chupa kwake ni ya kupandia jukwaani. Umefikiri ikifika Konde itakuwaje? Hamad atafedheheka, atapoteza kazi pengine, watoto wako wataitwa watoto wa mlevi chuoni, na mtu aliyefedheheshwa huropoka. Atasema, "Mke wangu naye alikuwa akinywa." Hapo Jaribu atakutazama kwa jicho gani? Mwenyezi Mungu amekusitirini nyote wawili miaka yote hiyo. Wewe unataka kuifungua sitara kwa mkono wako ili umzuilie mtu harusi?

Na lile la kumwekea bilauri mumeo aliyetubu, ili akinusa akae, sitaki kulisikia. Huko ni kumvuta mtu aliyekwisha kutoka shimoni arudi akupe mkono humo humo. Hata kama angekaa, ungekuwa umekaa na wiski, si na Hamad.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kulisoma gazeti hili, inuka, itoe chupa kwenye mchele, uimwage. Mchana, usingoje giza, na usimwite mtu kuja kutazama. Chupa yenyewe ivunje uifukie. Jaribu akipita dirishani mwambie, "Haipo, nimeimwaga, na ya nyumbani kwangu usiyaulize tena." Mwambie kwa sauti ya kawaida. Atanuna, mwache anune.

Kisha Jumamosi, watoto wakishaondoka, tandika mkeka wako chumba kile kile, saa ile ile. Pika kahawa, utie tangawizi. Weka vikombe viwili, ukae, unywe chako. Usimwite, usimlilie, usimtumie mtoto. Akiondoka kwenda darsani, aondoke, darsa ni jambo la kheri. Wewe Jumamosi ya pili tandika tena. Siku atakayosimama mlangoni, mwambie yote ya chupa ya Furtado, kuwa iliingia nyumbani kwake, kuwa uliinywa mara moja, kuwa umeimwaga. Ayasikie kwako kabla hajayasikia kwa Jaribu. Kisha mwambie neno moja tu, kuwa una hamu ya kukaa naye. Umeniandikia kurasa nne mimi nisiyekujua, na hilo neno yeye hujamwambia!

Ama kuoa, sheria imempa nafasi ya wake wanne, haikumpa ya kumkimbia mmoja. Akitaka kuoa aje akwambie kwa mdomo wake, si kwa mdomo wa dada yake. Akioa akakuwekea uadilifu, subiri. Asipokuwekea, kadhi yupo, na mlango wake wanawake wanaujua. Lakini usiende kwa kadhi leo kumshitaki mtu ambaye bado hamjakaa mkazungumza.

Anza na chupa.

Bi Mwanawema

BARUA YA PILI KUTOKA KWA MWATIMA

Bi Mwanawema,

Baada ya salamu, naona si adabu kukunyamazia. Chupa niliimwaga siku ile ile niliyokusoma, na sitaki nikufiche, nilipoimwaga nilisimama kidogo kwa sababu ya harufu. Jaribu nilipomwambia alinitukana, akaondoka bila ya kunywa chai, na mpaka leo hajanikanyagia nyumba. Mama anauliza mbona hatuonani, nami namwambia ni mambo ya siasa.

Jumamosi ya kwanza Hamad aliuona mkeka akageuka akaenda darsani. Ya pili pia. Ya tatu alisimama mlangoni, kofia mkononi, akauliza, "Hivyo vikombe vina nini?"

"Kahawa," nikamwambia.

Akaja akainama, akanusa, Bibi, kweli alikinusa kikombe! Kisha akakaa kwenye ncha ya mkeka kama mgeni. Nikamweleza yote ya Furtado na chupa. Alikasirika kwa ile niliyoinywa, nikamwacha akasirike. Alipokwisha nikamwambia lile neno ulilonituma. Akaiweka kofia chini.

Akasema, "Mie nlidhani bila ya ile sina la kukwambia. Nlidhani weye ulikuwa ukikaa kwa ajili yake. Ilipokwisha, nkaogopa kuja kukaa hapa tukatazamana bubu."

Nikamuuliza, "Na Konde?"

"Konde hakuna aliyenijua ila kwa kusoma," akasema. "Nlitaka mtu anijue hivyo tu."

"Na mie nakujua hivyo, na vyengine."

Akasema, "Ndiyo."

Wiki iliyofuata alimwambia Mwanabaraka aache kwenda na kurudi Konde, na wifi yangu sasa akinikuta sokoni anatazama samaki. Sikwambii kuwa mambo yamekuwa kama zamani. Mara nyingi tunakaa hatuna la kusema, anazungusha kikombe, mimi natengeneza ushungi. Anatupia neno moja la kazini, namjibu, tunanyamaza tena. Na aibu yake bado anayo, nikimtazama sana anageuka.

Lakini Jumamosi iliyopita alikuwa ananisimulia jambo la meli moja, hakulimaliza, ikaadhiniwa Isha. Akainuka akaenda msikitini, nami nikasema ndio basi, atakaa huko na wenzake mpaka watawanyike, nikaanza kukusanya vikombe. Kahawa yake ilikuwa bado ya moto niliposikia viatu vyake mlangoni. Akaingia, akakaa, safari hii katikati ya mkeka, akasema, "Basi, Mwatima, yule nahodha..."

Mimi, Mwatima, Wete.